Filimbi ya Soko la Suna

Sokoni Suna nyanya haziuzwi kwa jumla kabla askari wa baraza la mji hajapiga filimbi. Ijumaa jioni mama mmoja Msabato alisimama kando ya masanduku yake akitazama jua.

"Afande, piga basi! Likizama Sabato imeingia, siuzi tena. Kesho jioni zitakuwa maji."

"Ngoja msimamizi wa soko arudi, mama."

"Na jua nalo litamngoja?"

Mimi, ambaye mluzi wangu huita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, nikatia vidole viwili mdomoni. Wachuuzi wakayavamia masanduku. Askari akaitazama filimbi yake, akaigeuza, kisha akafoka: "Pangeni laini!"

Sanduku la mwisho lilitoka jua likigusa mabati. Soko zima nililiendesha mimi, na baraza halijanishukuru.