Wakili wa Alhamisi na Wakili wa Ijumaa

Nilifutwa kazi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa nimebeba shuka za watoto mikononi. Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule moja ya mtaa wa Milimani, mjini, na nilikuwa nimekaa pale miaka kumi na mmoja. Karani alinipa bahasha akaangalia kando. Barua ilisema kwamba Jumapili niliacha kazi bila ruhusa.

Ni kweli niliondoka. Jumapili hiyo, baada ya chakula cha mchana, msichana wa kidato cha pili alishikwa na pumu mpaka midomo ikabadilika rangi. Mwalimu mkuu hakushika simu. Dereva wa shule alikuwa ameenda kwao. Nikamwachia mpishi bweni, nikamwingiza mtoto kwenye teksi, nikamkumbatia mpaka hospitalini. Jumatatu alikuwa anakunywa uji. Jumanne mimi sikuwa na kazi.

Nilimpigia mume wangu nikiwa nimekalia sanduku langu. Yeye hulima viazi huko Keringet, na tangu niajiriwe tulikuwa tukionana mwisho wa mwezi na wakati wa likizo. Nilisikia upepo wa shamba kwenye simu. Kisha akauliza, "Huyo mtoto yuko sawa?"

"Yuko sawa."

"Basi hukukosea. Nakuja."

Alifika jioni amevaa koti la kanisani na gambuti zenye matope, maana alisahau kubadilisha viatu. Tulilala kwa dada yake hapo mjini, na kabla ya chakula tulikuwa tumeshaanza kuzozana, kwa sauti ya chini, wenyeji wasisikie. Mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba kila Alhamisi kuna mawakili wanaotoa ushauri wa bure katika ukumbi wa kanisa moja. Yeye alitaka wakili wa kulipwa, mwenye ofisi na mlango wa kufunga.

"Wa bure atakusikiliza na sikio moja," alisema.

"Na wa kulipwa atakuwa anaangalia saa. Utampa nini, pesa ya mbegu?"

"Mbegu niachie mimi."

"Na kazi iliyopotea ni yangu."

Baadaye, nikikunja nguo, akasema bila kuniangalia, "Umelea watoto wa watu miaka yote hiyo. Sitaki ukapange foleni kama mtu anaomba msaada."

Nilitamani kulia. Nilijua kinachomsemesha ni mapenzi. Lakini nilijua pia kwamba mvua ilikuwa karibu, na shamba bila mbegu ni njaa.

Alhamisi nilimwambia naenda shuleni kuchukua vitu vilivyobaki. Nilimdanganya, kwa sababu kila kitu changu nilikuwa nimeshakitoa.

Ukumbini tulikaa kwenye viti vya plastiki: mabawabu, wachuma maua, na mwanamume mmoja aliyekuwa kibarua kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria, kofia yake ngumu ameiweka magotini. Nilingoja kwa muda wa saa tatu. Wakili aliyeniita alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa. "Mama, tuko na dakika kumi na tano," alisema, "lakini anzia mahali unataka."

Nikaanzia mbali, tangu siku ya kuajiriwa. Nilipofika kwenye teksi, sauti ikakatika. Aliweka kalamu chini akangoja, na hakuangalia foleni. Kisha akanieleza kwamba mtu hafutwi kwa kosa kabla hajaambiwa kosa lenyewe na kupewa nafasi ya kujitetea, na mfanyakazi mwenzake akiwa kando yake.

"Ulipewa hiyo nafasi?"

"Nilipewa bahasha."

Akaniambia nisitie sahihi karatasi nyingine yoyote, niombe hospitali wathibitishe saa tuliyofika, na niandike mambo yote kwa mpangilio wa siku, ukurasa mmoja tu. Cheti cha utumishi, alisema, ni haki yangu hata mambo yakienda vipi.

"Sasa wewe ndiye utanisimamia?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa, na niliona inamuuma. "Hapa tunashauri tu. Barua ya madai na mambo ya korti, hiyo utatafuta wakili. Lakini kabla hujakaa kwa kiti chake, muulize: anafanya kesi za kazi? Hiyo ada ni ya kuongea tu, ama barua iko ndani? Na mbele kuna gharama gani?"

Nilirudi nimeshaandika ule ukurasa, nikamkuta mume wangu ameketi na risiti mkononi. "Nimelipia wakili nusu saa, kesho asubuhi," alisema, kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe. Nikaketi karibu naye, nikamwambia nilikokuwa. Hakukasirika. Aliuchukua ukurasa, akausoma polepole, midomo ikicheza.

"Hukuniambia ulimwimbia kwa teksi," alisema.

"Hukuuliza."

Wakili wa Ijumaa alikuwa mtu mzima, mwenye haraka. Aliusoma ukurasa wangu akainua macho. "Nani amekupangia hii kazi?"

"Wakili wa bure," mume wangu akajibu, kidevu juu.

Nikauliza maswali yangu matatu. Alijibu bila kuficha: kesi za kazi anazifanya, barua ina malipo yake, na kortini kunaweza kuchukua muda mrefu. Kisha akaniuliza ninataka nini hasa. Kurudi? Kulipwa? Mume wangu akakohoa. "Anataka iandikwe kwamba hakutupa watoto. Aliondoka na mmoja kwa sababu alikuwa anakufa."

Wakili akaandika hivyo hivyo.

Alipeleka barua ya madai, na baada ya wiki kadhaa shule ilituita tuzungumze kabla ya korti. Waliifuta ile barua ya kunifukuza, wakanilipa haki zangu, wakanipa na cheti. Kurudi hawakuniomba, na mimi sikuomba. Mwalimu mkuu hakuniangalia usoni hata mara moja. Hilo bado linaniuma.

Jirani aliyefutwa kazi akiniuliza aanzie wapi, humwambia aanze na wa bure, aandike, ndipo ajue anachoenda kulipia. Wengine hawahitaji kufika kwa wa pili. Mimi nilihitaji wote wawili.

Siku hizi niko Keringet. Kwa mara ya kwanza tangu tukiwa vijana tunaishi nyumba moja wiki nzima, na tunajifunzana upya. Mimi hukunja hata vitambaa vya jikoni kwa pembe kama shuka za bweni, naye hucheka. Asubuhi, kwenye baridi ile, huamka kabla yangu akaniwekea maji ya kuoga motoni. Nikitoka namkuta amesimama karibu na jiko, na husema moto aliuwashia chai tu.