Kitanda cha Mgeni Asiyefika

Kwa nini kitanda kimoja kilitandikwa kila jioni na hakuna aliyekilalia, ilhali akina mama saba walilala sakafuni? Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na swali hilo lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nyumba yenyewe ilinukia dawa ya kufulia, uji wa wimbi na maziwa yaliyofurika jikoni. Ilikuwa nyuma ya hospitali, mjini Kisii, chini kidogo ya barabara. Wahisani ambao hatukuwahi kuwaona waliijenga ili wazazi ambao watoto wao wamelazwa wapate pa kulala. Hukulipa kitu. Ulifagia, ulifua, ulipika kwa zamu, basi. Sisi tulitoka Ikonge, ambako hata mti wa kuegemezea mgomba una mwenyewe, na neno bure lilitutia wasiwasi.

Ndugu yangu Nyakundi, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa mfupa. Usaha ulikuwa umejaa ndani ya mfupa wa mguu wake wa kulia. Daktari alimweleza mama kwamba sindano zingeendelea kwa wiki sita, na zikikatizwa njiani, mguu huenda ukakatwa. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilitumwa nimsaidie mama kufua na kubeba chakula hadi mlangoni pa wadi. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua mama. Baba alinipa nyingine kabla sijaondoka nyumbani. "Ukiona vyaelea, jua vimeundwa," aliniambia, huku mikono yake bado ikinuka majani mabichi ya chai. "Hakuna mtu wa kukulisha wiki sita bila kukuuliza hata kanisa unaloabudu. Wewe, Moraa, una macho. Angalia, kisha uniambie."

Nikaangalia. Msimamizi wa nyumba alikuwa Mama Achieng, mwanamke mrefu kutoka upande wa ziwa, asiyejua Kigusii chetu zaidi ya salamu. Alizungumza Kiswahili polepole, kana kwamba kila neno alilipima kwanza. Hakuwahi kumuuliza mama jambo lolote isipokuwa, "Mtoto amekula?" Kila jioni alifungua chumba kidogo cha mwisho, akatandika kitanda kwa shuka nyeupe zilizopigwa pasi, akaweka leso mpya kwenye mto na chupa ya chai ya maziwa juu ya stuli. Asubuhi chai ile ilimwagwa, haijaguswa, kwenye migomba nyuma ya jiko. Mimi mtoto wa mkulima wa chai niliona hilo ni zaidi ya ubadhirifu. Shuleni tulikuwa tumesikia habari za waabudu shetani, jinsi wanavyojenga majumba mazuri na kuwakaribisha maskini. Nilijua kwamba roho hutengewa kinywaji. Nilijua pia kwamba akina mama, walipopita mbele ya chumba kile, waliharakisha hatua na kuangalia upande mwingine. Na kulikuwa na wageni wenye fulana zinazofanana waliokuja siku moja na kamera, wakawapanga watoto waliopata nafuu mbele ya katoni za sabuni, wakaondoka. Hawakuonyeshwa chumba kile. Nilijiuliza kinafichwa nini.

Mwanamke pekee aliyenizoea alikuwa Mama Deno, muuza mitumba wa Masimba, ambaye mkeka wake uligusana na wetu. Mwanawe Deno alikuwa amevimba uso na miguu. Mama Deno alitania kila kitu: alimtania daktari, akautania ugali uliopikwa na wengine, akanitania mimi. Alinikuta nikichungulia katika tundu la kitasa.

"Inspekta, umemshika mwizi?"

"Kwa nini wewe usilale humo, Mama Deno? Mgongo si unakuuma?"

Alicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. "Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Toka hapo, mtoto wa watu, ukaoshe sufuria."

Jibu hilo nililipeleka kwa baba lilivyo. Alikuwa akimpigia mama simu kila jioni; jioni hiyo akaomba kuongea nami, nami nikaenda nyuma ya tangi la maji na kumweleza yote: shuka, leso, chai inayomwagwa, tundu la kitasa. "Jumamosi nakuja," akasema. Niliporudi kwa mama nilihisi nimekua.

Alikuja amevaa koti lake la kanisani. Akina mama walikuwa uani wakifua, na Mama Achieng alikuwa akianika shuka. Baba hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Mama, kile kitanda cha mwisho ni cha nani?"

"Ni cha mgeni, Baba Moraa."

"Mgeni gani huyu ambaye hafiki?"

"Mungu akijalia, hatafika."

Baba alinitupia jicho, nami nikaitikia kwa kichwa kwa fahari. "Nitajie jina lake."

"Twende ofisini nikueleze."

"Mimi sifungiwi ofisini. Sema hapa mbele ya watu."

Mama Achieng aliwatazama wale wanawake. Mikono ilikuwa imetulia ndani ya mabeseni. Hakuna aliyeinua uso, hata Mama Deno, ambaye sikuwahi kumwona akikosa neno. "Basi," alisema Mama Achieng, "sina la kusema." Kwetu sisi wawili hilo lilikuwa kukiri kosa. Baba alimwambia mama afungashe, tutamchukua mtoto twende naye nyumbani, dawa zipo hata Nyamira. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga, alikamua shati la Nyakundi hadi tone la mwisho. "Beba nguo ukitaka," alisema. "Zimebaki wiki tatu. Nitazimaliza hapa, hata ikiwa ni kulala nje ya lango." Baba alingoja abadili neno. Hakubadili. Mwishowe alinishika mkono mimi, tukaondoka.

Nyakundi sasa ana miguu miwili, mmoja umeupita mwingine kidogo kwa urefu, na hucheza mpira vibaya kwa sababu zisizohusiana na mfupa. Mimi nimesoma chuo kikuu, na shaka niliyofundishwa na baba nimeiongezea vitabu. Bado huwauliza wahisani maswali wasiyoyapenda. Mwaka jana nilipita kwenye nyumba ile. Imewekwa vigae, ukutani kuna ubao wenye majina ya wafadhili, na kijana wa mapokezi aliniambia kwa majivuno kwamba hakuna kitanda kinachokaa bure, vyote vimo kwenye kompyuta. Nilimsimulia mama tukipukuchua maharagwe, nikidhani atafurahia maendeleo. Aliacha kupukuchua.

Ndipo akanieleza. Kitanda kile kilikuwa cha mama yeyote ambaye mtoto wake angefariki siku hiyo, ili asirudi kulala katikati ya wenzake wenye watoto, na asitolewe nje gizani kusubiri gari la asubuhi. Akina mama wote walijua. Hakuna aliyekitaja, kwa kuwa kukitaja mbele ya mwenzio kulikuwa kama kumwambia ndiye atakayekilalia. Mama Achieng hakuwa na namna ya kumjibu baba pale uani. Nilimuuliza mama kama aliwahi kuona kikitumika. Nilikumbuka kwamba wiki ile tulipoondoka, kwenye simu, alikuwa ameniambia Mama Deno amerudi Masimba, nami nikafurahi kwamba Deno amepona.

Ilikuwa Jumamosi hiyohiyo aliyokuja baba, mama alisema. Simu kutoka wadi ilikuja kabla nguo hazijakauka, na jioni Mama Deno aliongozwa hadi chumba cha mwisho. Saa hizo sisi tulikuwa tumefika Ikonge, tunakula, na baba alikuwa akinisifu kwa macho yangu makali.