Aktere Hakufake

Kule Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi mjini Kolwezi, nyumba za kampuni zilifanana kama mikate ya tanuri moja, lakini mstari wetu ulikuwa na bahati: jirani yangu alikuwa na televisheni na mashine ya video. Alikuwa fundi umeme, mtu wa Kasai, jimbo jingine, lakini aliyezaliwa hapahapa. Watoto wote wasingeenea sebuleni, basi kila Jumapili baada ya misa aliigeuza televisheni itazame dirishani, nao wakaketi uani mwake, mavumbini.

Filamu zilikuwa za ngumi na bunduki, na hakuna aliyeelewa neno. Haikuwa shida. Watoto walitaka kujua mambo mawili tu: nani aktere, nani banditi. Aktere ndiye shujaa; hufunga kitambaa kichwani, huvunja milango, na uani hupigiwa makofi. Aktere hafi kamwe; wanaokufa ni mabanditi.

Binti yangu wa miaka sita alirudi nyumbani akipiga mateke hewani. Kuku wetu walipigwa risasi kila siku, kwa kidole. Nikaenda kulalamika.

"Tata, hizi filme zitaniharibishia mutoto."

"Mama, umuache," jirani alinijibu. "Ni muchezo tu. Aktere hakufake, batoto banajua."

Nikacheka, nikapewa kiti, nikatazama mpaka mwisho. Filamu yenyewe ilikuwa tamu, sikatai.

Kisha mishahara ikaanza kukatika, na redioni wakubwa wa jimbo letu wakawa wanasema watu wa Kasai wanatunyang'anya kazi, warudi kwao. Kwao wapi? Jirani yangu aliijua Kasai kwa hadithi za baba yake tu. Asubuhi moja vijana wakaingia barabara yetu wakiimba, vitambaa kichwani, mapanga mkononi. Watoto wakatoka mbio kuwafuata, wakipiga makofi kama Jumapili. Mbele kabisa ya vijana hao alikuwa mdogo wangu wa kiume, niliyemlea mwenyewe, aliyelala chumba cha nyuma kwangu. Yeye ndiye aliyeupiga teke mlango wa jirani. Binti yangu akaruka kwa furaha.

Nikamshika mkono nikamwingiza ndani. Jirani, mkewe na watoto wao walitoka na mabunda mawili, wakatembea hadi stesheni ya Kolwezi. Huko familia nyingi zilikuwa zimeketi chini, zikingoja treni ya kupitia Lubudi kwenda Kasai. Mchana niliwapelekea bukari, ugali wetu, na samaki. Mke wa jirani alinishukuru bila kuniangalia.

Jioni mdogo wangu akaja kula kama kawaida. Alinawa, akaketi, kitambaa bado kichwani. Binti yangu akamsogezea mchuzi, kisha akamwonyesha mjomba wake kwa kidole, akaniuliza kwa maringo:

"Mama, tonton njo aktere, ao?"

Mume wangu akainama. Ningeweza kumtuma mtoto nje achote maji. Lakini kesho angepiga makofi tena, na siku moja angekuwa mkubwa.

"Hapana," nikasema. "Tonton njo banditi."

Tonge likabaki mkononi mwa mdogo wangu. Binti yangu alilia sana, maana alimpenda mjomba wake kuliko sisi sote. Nami nilimpenda. Nikamwambia mdogo wangu avue kile kitambaa au akatafute pa kulala.

Akaondoka nacho kichwani.