Picha Ishirini na Sita za Barafu

Kabla hajawa msukuma vitanda, Donat alikuwa mpiga picha. Kule Lubumbashi alikuwa na studio ndogo mtaani Kamalondo, na kwa miaka kumi na mmoja watu walimwita kwenye harusi na kwenye matanga. Brussels amekaa miaka kumi na tisa. Kazi yake ni kwenye hospitali kubwa ya mtaa wa Jette: kumtoa mgonjwa chumbani, kumpeleka eksirei, kumrudisha. Kamera alibaki nayo kwa ajili ya ubatizo na sherehe za watu wa kwao.

Mwezi wa kumi mke wake, Inès, alifariki baada ya kuugua miezi minne. Ndugu walipokutana nyumbani kupanga mazishi, mtu mmoja aliuliza picha atapiga nani, na wote wakamgeukia Donat. Hakuna aliyeona ubaya, hata yeye mwenyewe. Akapiga. Alipiga jeneza likiingia kanisani, akapiga kwaya, akapiga binti yake Élodie akilia begani kwa rafiki. Alimwomba shangazi mmoja asogee hatua moja kulia ili asizibe mwanga. Watu walipokuwa wanatupa udongo, yeye alikuwa amepiga goti ng'ambo ya kaburi akitafuta pembe nzuri. Jioni aliweka kamera juu ya kabati na hakuigusa tena.

Hakulia. Baada ya wiki alirudi kazini. Alikula alichowekewa mezani, akalala upande wake wa kitanda. Kila Jumapili Sidonie, dada mkubwa wa Inès, alipiga simu kutoka Lubumbashi kuulizia picha, kwa kuwa mama yao mzee alitaka kuona mtoto wake alizikwaje. Donat alijibu kwamba anazitengeneza. Hakuwa anazitengeneza.

Mwezi wa kwanza theluji ilianguka siku tatu mfululizo, kisha ikaja baridi kali. Jumamosi asubuhi Élodie, ambaye anasomea uuguzi na bado anakaa na baba yake, aliishusha kamera kutoka juu ya kabati.

"Papa, utoke kidogo," alisema. "Banasema mutoni maji imekuwa barafu. Beba na kamera."

Akatoka, kwa sababu kukataa kungehitaji maneno.

Kijito cha Molenbeek kinapita bustanini karibu na kwao, na huganda kwa nadra sana. Siku ile kingo zote mbili zilikuwa zimeshikwa na barafu. Majani makavu yalisimama ndani ya barafu kama yamefungiwa chupani, na chini ya mizizi ya mti mmoja vijiti vya barafu vilining'inia hadi karibu na maji. Donat alipiga goti kwenye theluji, akalenga, akabonyeza. Kamera ikakataa. Kioo chake kikaandika: carte pleine. Kadi imejaa.

Kadi nyingine ilikuwa nyumbani. Kwenda na kurudi ni nusu saa, na jua lilikuwa limeshafika kwenye matawi. Akabonyeza kitufe cha kuangalia picha za zamani. Ya kwanza kutokea ilikuwa ya mwisho aliyopiga: mashada ya maua juu ya kaburi lililofunikwa. Alikuwa amepiga mbili zilizofanana. Akafuta moja. Akapiga barafu, picha moja. Kadi ikajaa tena.

Hivyo ndivyo alivyoendelea. Alirudi nyuma kutoka kaburini hadi kanisani, kutoka kanisani hadi sebuleni kwenye matanga, akitafuta zilizojirudia na zenye ukungu, na kila alipofuta moja alipiga moja. Vidole vilikuwa vigumu, akavitia kinywani, akaendelea. Alipofika kwa Élodie akilia, alisimama. Begani kwa yule rafiki, macho ya mtoto wake yalikuwa yanamtazama yeye, moja kwa moja. Siku ile hakuwa ameliona hilo. Alingoja kitu kianze kupanda kifuani, kama watu walivyokuwa wamemwambia kwamba siku moja kitapanda. Hakikupanda. Alisikia baridi ya masikio tu. Picha ile hakuifuta.

Saa sita mchana alikuwa na picha ishirini na sita za barafu. Nyumbani alimpa Élodie kamera, akamwambia atume zote kwa yaya, dada mkubwa Sidonie, zote, asichague. Kutoka jikoni alimsikia akifungua kompyuta. Élodie alipokuja kula alikuwa amenawa uso.

Kesho yake Sidonie alimpigia simu shemeji yake.

"Semeki, picha zimefika. Maman ameziona," alisema. "Na hizi za mwisho, za vioo?"

"Si vioo, yaya. Ni mto ya huku Jette. Maji iliganda."

Sidonie alizipitia picha tena.

"Bon. Lakini wewe hauko ndani, hata moja. Batu huku banauliza bwana ya Inès alikuwa wapi."

"Nilikuwa pale."

"Mimi najua. Lakini batu nitabaonyesha nini?"

Jioni Donat alimsimulia Élodie maneno hayo.

Jumamosi iliyofuata Élodie alimpeleka kijitoni, kamera ameivaa yeye shingoni. Theluji ilikuwa imegeuka tope na barafu imekatika vipande. Donat alimweleza asimame wapi ili mwanga usimpige machoni, akamweleza na jinsi ya kushika.

"Papa, nyamaza," Élodie alimwambia taratibu. "Simama tu."

Akasimama. Élodie alipiga picha tatu. Kwenye ile waliyoituma Donat amevaa koti lake la kazini, mikono mifukoni, kijito nyuma yake, na uso wa mtu anayengoja tramu. Sidonie aliichapisha, akaibandika kwenye albamu ya mazishi baada ya yale mashada ya maua. Ndugu waliokuja kutoka mji wa Likasi waliiangalia wakasema kumbe mwanaume alikuwepo, na makaburi ya Ulaya yana maji. Sidonie hakuwarekebisha.

Élodie alipomsimulia hayo, Donat alisema ni sawa. Kisha akavaa viatu, akaenda kazini zamu ya mchana.