Rimu Zilizong'aa kwa Mafuta

Siku ile niliyoteremka mlima wa Burundi naikumbuka kama ya jana, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nina baiskeli mpya na maringo ya kumwaga. Kutoka kwetu Ngara hadi mpakani si mbali, na mjomba wangu alikuwa ameoa ng'ambo, kule milimani juu ya Bujumbura, nikaenda kumsalimia. Lakini acha niseme kweli: nilikwenda nionwe.

Kabla ya safari niliisugua baiskeli ile fremu, kengele na spoki, halafu nikazipaka rimu zenyewe mafuta ya kula ili zing'ae. Cheka tu! Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mjomba alikuwa na jirani aitwaye Melkiori, mtu mfupi, mkimya, aliyeishi kwa kupeleka ndizi Bujumbura kwa baiskeli. Nikajigamba mpaka mjomba akachoka, akaniruhusu niteremke naye. Njia ile ni kona juu ya kona, korongo huku, malori kule. Na Melkiori alikuwa amefunga mikungu mitano nyuma! Sijaona tena mwanamume wa aina ile. Kabla ya kuanza mteremko alishuka, akabonyeza breki moja moja, akakagua hata soli ya katambuga lake la tairi, maana mguu ulikuwa breki yake ya tatu. Akataka kukagua na zangu.

"Achana nayo, hii ni mpya," nikamjibu, nikatangulia huku napiga kengele.

Kona ya kwanza nilipita nikicheka. Ya pili nikakamata breki, mipira ya breki ikateleza juu ya mafuta ya rimu. Nikakamata kwa nguvu zote. Wapi! Mbele lori linapanda. Nikamwita Mama Maria, nikamwita na mama yangu mzazi.

Kumbe Melkiori alikuwa ameachia breki zake makusudi ili anifikie. Akanipita, akaingia mbele yangu, akapaza sauti: "Gonga ndizi! Gonga ndizi zangu!"

Nikazigonga. Gurudumu langu likazama kwenye mikungu, naye akakamata breki, akaburuza katambuga kwenye lami mpaka likanuka moshi, akatusimamisha wote wawili. Lori likapita linapiga honi.

Nilikaa chini nikalia bila aibu. Ndizi zilikuwa uji. Nikaanza kumwomba radhi kwa hasara ile, akanikatiza: "Ndizi nitapanda nyingine. Wewe mama yako angekupanda wapi?"

Akapitisha kidole kwenye rimu yangu, akakinusa, akatikisa kichwa. Kisha akachota mchanga, akazisugua rimu zile kwa mikono yake. Tukaendelea kuteremka, yeye mbele, mimi nyuma, kengele sikuigusa tena.

Sasa nyinyi mna baiskeli za gia na bodaboda, na kwenye barabara yetu ya Lusahunga malori hayahesabiki. Nawasikia mkimcheka anayekagua breki. Msimcheke, ndiye anayeujua mteremko. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilipona kwa huruma ya mtu tu. Nawe ukishakuwa fundi wa njia, mwanangu, usiishie kujiokoa mwenyewe. Ukimwona mjinga anashuka bila breki, mtangulie, umpe mgongo wako agonge. Mungu akujalie moyo wa Mrundi yule, na kila mlima utakaoupanda, akushushe salama.