Usumba wa Mama Ndani ya Rezini

Dole gumba la mama halina mistari. Miaka na miaka ya kuponda makumbi ya nazi na kusokota kamba imeifuta yote, na siku afisa wa ardhi alipolipaka wino na kulikandamiza kwenye hati ya shamba, lilitoka doa jeusi tupu. Akajaribu tena, na tena. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliyeitwa kushuhudia mipaka, akakohoa kidogo.

"Shemeji, ya nini kuhangaika? Iandikwe kwa jina langu, mimi nina sahihi. Shamba si litabaki letu sote?"

Shamba lenyewe ni la minazi, upande wa Baleni, na minazi hiyo mama aliipanda kwa mikono yake akiwa na mimba yangu. Nilitaka kumjibu baba mdogo neno ambalo mtoto hamwambii mzazi. Afisa akaniwahi. Alikuwa mtu mstaarabu. Akasema dole lisiposomeka sahihi inatosha, naye angerudi kijijini baada ya wiki tatu.

"Nitatia sahihi," mama akasema.

Baba mdogo akacheka. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba mama amesoma kisomo cha watu wazima na jina lake analijua. Tatizo ni vidole. Vifundo vimevimba, havikunjiki vizuri, na kalamu ya dukani, nyembamba vile, humponyoka kabla hajamaliza herufi ya pili.

"Wewe si unatengeneza kalamu?" mama akaniuliza tulipofika nyumbani Miburani. "Nitengenezee nene. Na iwe na usumba wangu ndani."

Hapa kisiwani simjui mwanamke mwingine anayekereza kalamu. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, na mashine yangu inazungushwa na mota ya mashine ya kufulia iliyokufa. Natia vipande vya vifuu au usumba, zile nyuzi za makumbi, ndani ya kalibu, namimina rezini, ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu kama kioo, na ikiganda natoboa na kukereza. Wanaonunua ni wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe. Jirani zangu wanasema nimekosa kazi, na mimi huwaambia waseme kwa sauti, mota inapiga kelele.

Mama akaniletea fungu la usumba. Lilikuwa la mwisho alilolipiga kabla mikono haijagoma, na lingetosha kalamu tatu, zaidi hapana.

Sasa ikaja kazi ya kuchagua rezini. Mume wangu ni fundi wa boti za fibaglasi, na kwake yeye rezini duniani ni moja, poliesta. Inanuka mpaka mbuzi wanahama, lakini inaganda upesi, na ikichelewa unaiongezea dawa ya kugandisha. Sikutaka kuharibu usumba wa mama kwa majaribio. Nilimimina kipande kitupu, nikakifunga kwenye mashine, na patasi ilipogusa tu kikapasuka kama kigae, kipande kikanipiga juu ya jicho. Kalamu ya mtu mwenye vidole vigumu itaanguka sakafuni kila siku. Poliesta nikairudisha kwa mwenyewe.

Nikabaki na makopo mawili niliyoagiza Dar, epoksi na poliyurethani. Nikaanza na epoksi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeishi na fundi boti kupita kiasi. Nilikuwa na haraka, basi nikafanya kama ninavyomwona akifanya, nikaongeza dawa kwa jicho. Epoksi haitaki hivyo. Kila tone la rezini linataka mwenziwe wa dawa, na dawa iliyozidi inabaki humo bila kazi. Siku tatu baadaye ilikuwa bado inanata kama halua iliyoepuliwa mapema. Theluthi ya usumba imekwenda.

Nikageukia poliyurethani. Hii inaganda kwa dakika chache, ngumu, inang'aa. Nilimimina huku nikijisifu. Kabla sijaweka kikombe chini ikaanza kuumuka, ikapanda, ikafurika juu ya kalibu kama uji uliosahauliwa motoni, na ilipotulia ilikuwa sifongo. Theluthi ya pili.

Nilikitupa kile kitu ukutani. Mume wangu akacheka, nikamwambia akicheka tena atakula kwao. Nilikuwa naogopa, ndiyo kweli yenyewe. Kila nikifumba macho nilimwona baba mdogo akitembea kati ya minazi ya mama akiihesabu.

Mama alikuja kwa sababu ya kelele. Hakunipa pole. Alichukua uzi mmoja wa usumba uliobaki, akautia mdomoni, akaunyonya.

"Hukuuosha?"

"Mama, ulikuwa mkavu kabisa."

"Mkavu! Chumvi ya jikoni kwako wakati wa masika inakaaje?"

"Inalowa."

"Haya basi."

Niliona aibu ya kweli. Mtoto wa mpiga makumbi mimi! Utoto wangu nimeumalizia kwenye tope la mikokoni, tukiyafukia makumbi yakae miezi yaoze, kisha tukiyafukua, yananuka, mama anayaponda juu ya jiwe. Maji ya bahari ndiyo yanayoyalainisha, na kamba haidhuriki kwa chumvi, kwa hiyo sijawahi kumwona mtu anasuuza. Ile chumvi ilikuwa imo ndani ya kila uzi inavuta unyevu, na poliyurethani ikigusa unyevu ndiyo inatoa povu.

Mume wangu akasema basi, uoshe, urudie hiyohiyo ngumu, maana epoksi ishakutia aibu. Nilifikiri usiku na mchana. Usumba ningeweza kuuosha, lakini hewa yetu ningeiosha na nini? Shati ukilianika hapa jioni linarudi na umande. Poliyurethani haisamehe. Epoksi inasamehe hewa, haisamehe mkono wa kukadiria, na mkono ni wangu, naweza kuurudi.

"Epoksi," nikasema.

"Utajuta."

"Kilichonitia aibu si epoksi, ni ujuzi nilioupata kwako."

Nilisuuza usumba mara tatu kwa maji ya mvua, mpaka mama aliponyonya uzi na kutikisa kichwa kwamba sasa hauna ladha. Nikauanika juu ya bati siku mbili, kisha nikaumalizia ndani ya sufuria juu ya makaa yanayokufa. Nikanunua mabomba mawili ya sindano duka la dawa, nikapima rezini kwa moja na dawa kwa lingine, kama maelezo ya kwenye kopo yalivyosema, nikamimina. Asubuhi ya pili mume wangu akachungulia, akaona bado laini, mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa ya dawa. Niliupiga kofi.

"Mvumilivu hula mbivu," akasema akijipuliza vidole, na kweli nilingoja siku saba.

Unene niliupima kwa donge la unga wa chapati. Mama alilishika kama anavyoweza, nikaacha alama za vidole vyake zikauke, nikakereza kwa kufuata donge. Epoksi ikipata moto inalegea, kwa hiyo nilikwenda taratibu, nikisimama kila mara ipoe. Maganda yakatoka marefu, laini, hayakatiki. Ndani yake nyuzi zililala za rangi ya asali, kila moja inaonekana, hakuna povu hata moja. Nilipiga kigelegele peke yangu. Jirani akauliza nani amejifungua.

Siku ya afisa, baba mdogo alifika kabla yetu, kofia mpya, kalamu yake mfukoni mwa shati. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mama akakaa mezani, akaitoa kalamu kwenye pindo la khanga. Vidole vikaingia mahali pake.

Aliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, kubwa, zimeinama kidogo, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Nililia waziwazi mbele za watu wala sikujifuta. Nakala zilikuwa tatu. Ya pili akaiandika upesi kuliko ya kwanza, ya tatu upesi kuliko ya pili. Afisa akamsogezea baba mdogo karatasi na kumwonyesha mahali pa shahidi, chini ya jina la mama. Baba mdogo akatia sahihi yake pale chini, mara tatu.

Mama alikuwa bado ameshika kalamu.

"Hakuna karatasi nyingine?" akauliza.

"Zimekwisha, mama," afisa akamwambia. "Shamba ni lako."