Mlango Ulioegemea Ukuta Wetu

Kuna alasiri moja naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto ya alfajiri, mwanangu. Mvua imekatika, ua wetu pale mtaani Jabe unatoa mvuke, na mlango unaingia juu ya kichwa cha mjomba wangu Saidi, mdogo wake mama. Mlango wa chuma, wa kijani, umechomelewa maua na ndege mmoja aliyekosa bawa. Akauegemeza ukutani, akamwomba mama amwekee siku kidogo tu.

Mama hakuuliza. Kwetu ndugu akikuomba umwekee kitu, kumuuliza kimetoka wapi ni kama kumtukana. Magunia, masanduku, hata mbuzi, nyumba ya mama ilipokea vyote. Alichofanya ni kuchukua mchi na kugonga bawaba za ule mlango. Zilikuwa zimeshika mabonge ya simenti yenye chokaa nyeupe. Akayagonga mpaka yakadondoka, akafagia, akatupa. Mi nilidhani ni usafi.

Basi mlango ukakaa pale, haufungui chumba chochote. Asubuhi jua likipita katikati ya maua yake, vivuli vilitembea juu ya ukuta polepole, na mi nikipepeta mchele mbele yake nilijiona nimeolewa, nimeufungua, ndani kuna ubaridi na harufu ya iliki. Usinicheke. Hata wewe umewahi kukaa mbele ya kitu kisicho chako ukakiota.

Lakini yule ndege nilimjua. Nilikuwa nikipanda mlimani Kinanira kuuza mboga za lengalenga, na huko alikaa mjane mmoja, Mama Furaha, mwanamke wa kutoka upande wa Uvira. Ndege asiye na bawa alikuwa mlangoni kwake. Nikamwambia mama. Akacheka kidogo.

"Umeota, Zaina. We kila kitu unakiota."

Nikaanza kuamini nimeota kweli. Mtu akikurudia neno hilo, kichwa kinalegea. Nikapanda na kapu langu nikaone. Ukungu ulikuwa bado unatoka ziwani, nyumba za mlimani zinaonekana nusu nusu. Penye mlango wa Mama Furaha palikuwa na tundu, ukuta umebanduka pembeni, na kitenge kimetundikwa, kinavimba na kusinyaa na upepo kama kifua cha mtu aliyelala. Mwenyewe amekaa kwenye kiti mbele yake. Akaniambia kanisani haendi tena, hospitali ameacha kwenda, maana nyumba haifungiki na hana wa kumwachia. Akanunua lengalenga, akaniombea heri. Nikashuka na kapu langu.

Niliporudi nikamweleza mama yote. Safari hii hakucheka.

"Kabla hujafungua kinywa, mi sikuwa na kosa. We ndiye umenijulisha."

Elewa alichoogopa. Akinyamaza, kasho, mahabusu ya polisi, inamngoja yeye. Akisema, anayeingia kasho ni ndugu yake wa tumbo moja. Akaufunika mlango kwa mkeka, na ua mzima ukawa kama nyumba yenye mgonjwa.

Mwishowe akamwita Mzee Ramadhani, mkuu wa nyumbakumi yetu, aliyemjua tangu akiwa mtoto. Mzee akanywa chai yake bila haraka, akainua mkeka. Maua hakuyaangalia, wala ndege. Akapitisha kidole kwenye bawaba.

"Simenti iko wapi?"

Akamgeukia mama.

"Mulango wa kuuzwa unafunguliwa na fundi, Mama Zaina. Huu umeng'olewa na ukuta wake. Nani alisafisha?"

"Ni mi, muzee. Lakini sikuiba. Namuwekea tu Saidi, na mutoto huyu ndiye alinijulisha ni wa mutu."

"Saidi aliiba siku moja. We unaamuka nao kila asubuhi, unajua ni wa mutu, unaufunika. Polisi hawatakuuliza kama uliiba. Watakuuliza kama ulijua. Na usimubebeshe mutoto. Mukono wako ulijua kabla yake."

Mama akakaa chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni mudogo wangu, muzee. Nilimubeba mugongoni."

"Basi muambie kwanza. Akitaka, mutaupeleka pamoja."

Saidi alipoambiwa alimwita dada yake mwoga, akavaa viatu, akatoka, asirudi. Kesho yake mchana tukaupakia mkokoteni. Mama akatembea nyuma, kajitanda kama anayekwenda msibani, na watu wa kartie, mtaa wetu, wakamtania: Mama Zaina, unahamia wapi na mulango bila nyumba? Akatembea hivyo hivyo mpaka Kinanira.

Mama Furaha alimgusa yule ndege kama anayegusa uso wa mtoto aliyepotea. Siku fundi alipomaliza kuurudisha, mama akaenda mwenyewe polisi. Akaulizwa lile lile swali. Akajibu, "Nilijua." Wakamweka ndani. Asubuhi iliyofuata nikamkuta Mama Furaha amekaa kwenye benchi la nje, ufunguo mkononi. Alikuwa amefunga nyumba yake akashuka kumsemea mama yangu kwamba mlango aliuleta mwenyewe, bila kutafutwa. Akamsemea mpaka wakamwachia. Saidi alikamatwa baadaye, na mama alimpelekea chakula gerezani kila Ijumaa, bila kuchoka na bila kumtetea.

Sasa nakwambia, wala sikubembelezi. Anayeshika mali ya wizi huku anajua ana kesi yake mwenyewe, hata kama hakuiba, hata kama anamwekea ndugu, hata kama ni zawadi. Simu wanazokuletea ndugu zako siku hizi zikiwa na picha za watoto wa watu, ni mlango ule ule. Uliza zimetoka wapi. Ndugu akikasirika, akasirike. Na mkono wako ukianza kufuta picha, kubandua alama, kugonga simenti, simama hapo hapo, maana umeshajua. Kitu kikishaingia kwako, kitoe mchana, mrudishie mwenyewe, sema kweli yote.

Mungu akupe nyumba yenye mlango wako mwenyewe, mwanangu, hata ukiwa wa mbao mbovu. Ufunge, ulale. Na mtu akibisha, uinuke kumfungulia bila moyo kudunda.